Mnazi Kabla ya Fumbo: Dhiki ya Mkulima wa Mombasa Bara na Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute", lililomo katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), limekwisha kuhakikiwa mara nyingi, na aghalabu kwa njia moja. Mhakiki huanza kwa kueleza kwamba mnazi ni nchi. Kwamba ndugu wawili wanaougombania ni makundi ya kisiasa yaliyofarakana baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963. Kwamba nazi ni matunda ya uhuru huo. Na kwamba aliyekwisha kuukwea mti ni mtawala asiyetaka kushuka. Baada ya maelezo hayo mnazi wenyewe husahauliwa. Haiulizwi ulipandwa na nani, wala katika ardhi ya nani, wala kwa nini mshairi aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946 aliuchagua mti huu, asichague nyumba, kisima au jahazi.

Makala haya hayakusudii kuupinga ufasiri huo. Diwani hiyo ilitungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, na mtungaji wake alifungwa kwa sababu ya karatasi ya kisiasa aliyoiandika, "Kenya: Twendapi?" Asiyeiona siasa ndani yake amefumba macho. Kinachokusudiwa hapa ni kuonyesha kwamba fumbo la mnazi lina nguvu kwa sababu mnazi, kabla ya kuwa fumbo, ni mti unaowakosesha watu usingizi katika Likoni, Kisauni na Changamwe. Mhakiki anayeuruka mti ili aifikie nchi humruka pia mtu anayeishi chini ya mti huo, naye ni mkulima mdogo wa Mombasa bara, mwenye miti michache, mahindi kidogo, mbuzi wawili watatu, na moyo usiotulia.

Kosa hilo la uhakiki lina mwenziwe nje ya fasihi. Siku hizi dhiki ya mkulima huzungumzwa mara nyingi kwa istilahi za afya ya akili, na utafiti uliofanywa katika nchi kama Ufaransa, Australia na India umedhihirisha kwamba kazi ya kilimo huwaelemea watenda kazi wake kwa namna ambayo haikudhaniwa hapo zamani. Mazungumzo hayo ni ya heri. Lakini nayo yaweza kuuruka mti: yaweza kuutazama moyo wa mkulima pasipo kuitazama ardhi anayoikanyaga. Fasihi ya Kiswahili ina la kufundisha katika jambo hili, iwapo itasomwa taratibu.

Mti na ardhi yake

Ili mnazi wa shairi ueleweke, hapana budi kwanza uangaliwe mnazi wa shambani. Katika desturi za pwani, mti na ardhi ulimo si lazima viwe vya mtu mmoja. Mtu aweza kuwa na minazi kumi katika shamba la mwingine. Aweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani bila ya ardhi yenyewe kutoka mkononi mwa mwenyewe. David Parkin, aliyeandika mwaka 1972 juu ya Wagiriama wa bara ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa, alionyesha jinsi mauzo na rehani za minazi zilivyotegemea kumbukumbu za wazee walioshuhudia mapatano. Mahali pa namna hiyo ugomvi wa mnazi haumalizwi kwa kusoma karatasi, maana mara nyingi karatasi haipo; humalizwa kwa kulipima neno la mtu dhidi ya neno la mwenziwe. Shahidi akifa, sehemu ya mali hufa pamoja naye.

Juu ya desturi hiyo ikaja sheria. Mwaka 1895 Uingereza ilianza kuutawala kama nchi lindwa ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huo alilete dai lake liandikishwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokuwa na vyeti, na waliozijua njia za ofisini, waliandikisha. Wamijikenda wengi, pamoja na watu waliotoka utumwani baada ya utumwa kupoteza nguvu ya sheria mwaka 1907, walibaki wakiilima ardhi ambayo katika maandishi ilikuwa ya wengine. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980, ameieleza kwa urefu safari hiyo ya kutoka utumwani hadi kwenye uskwota. Uhuru nao haukuibadili hali hiyo mara moja, kwa kuwa mapatano ya Oktoba 1963, ambayo kwayo ukanda wa pwani uliingizwa katika Kenya, yaliahidi kwamba hati zilizokwisha kuandikishwa zingeheshimiwa.

Katika historia hiyo kuna katazo moja linalohusu sana makala haya. Mwenye hati mara nyingi alimruhusu skwota kulima mahindi na muhogo, lakini alimkataza kupanda minazi, mikorosho au miembe. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mahindi hukaa msimu mmoja yakaondoka. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7, kisha huishi zaidi ya nusu karne. Apandaye mahindi huomba kula. Apandaye mnazi hudai kesho. Mwenye ardhi alilijua hilo, na skwota alilijua vilevile. Kwa hiyo katika Mombasa bara mnazi ni ushahidi uliosimama wima, unaoonekana na kila apitaye njia.

Nyakati tatu za shamba moja

Kilimo cha mchanganyiko, yaani cha mazao, miti na mifugo katika shamba moja, husifiwa na mabwana shamba kwa kuwa hupunguza hatari. Mvua ikikosa, mbuzi atauzwa. Mbuzi wakifa, nazi zitaangushwa. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo ina upande wa pili ambao hausemwi sana: mkulima wa namna hii hulazimika kuzifuata nyakati tatu kwa pamoja. Kuna wakati wa siku, ambao ni wa mifugo: ng'ombe akamuliwe, mbuzi wapelekwe malishoni na warudishwe kabla ya giza. Kuna wakati wa msimu, ambao ni wa mahindi, kunde na muhogo, na ambao hutegemea masika ya Machi hadi Juni na vuli ya mwisho wa mwaka. Na kuna wakati wa miaka, ambao ni wa miti. Kila wakati una hofu yake. Wa siku una hofu ya mwizi na ya mbuzi aliyeingia katika shamba la jirani. Wa msimu una hofu ya wingu linalopita bila ya kunyesha. Wa miaka una hofu ya chonga, mdudu atoboaye kilele cha mnazi, na ya mdai ajitokezaye na karatasi mkononi.

Wakati wa tatu ndio unaozipumzisha zile mbili za mwanzo. Mnazi ni akiba. Hutoa nazi za kuuza na za kupikia, makuti ya kuezekea, makumbi, kuni, na tembo kwa mgema. Mwenye minazi aliyepoteza mavuno ya msimu mmoja huumia, lakini hulala. Skwota aliyekatazwa kupanda amebaki na taabu zote za kilimo cha mchanganyiko, huku nguzo yake kuu imeondolewa. Atashauriwa afuge zaidi, alime zaidi, ajitahidi zaidi. Ushauri huo humwongezea nyakati za kukimbizana nazo, haumpi ule unaopumzisha.

Katika Mombasa bara jambo hili lilizidishwa na kukua kwa mji. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza mwaka 1963, na kiliendelea kusafisha mafuta hadi mwaka 2013. Pamoja na viwanda hivyo zilikuja nyumba za wafanyakazi, barabara na bei mpya ya ardhi. Malisho yalipungua, na shamba lililokuwa mbali na macho ya wanunuzi likawa kiwanja. Mkulima wa Kisauni hakuhitaji kuhamia mjini. Mji ulimhamia yeye. Wasiwasi wake, basi, hautokani na uvivu wala na ujinga wa kilimo bora. Ni wasiwasi wa mtu mwenye akili timamu anayeyaona yajayo.

Sauti mbili za shairi

Sasa shairi laweza kurejewa. Abdilatif ameliunda kwa majibizano. Ndugu mmoja amekwisha kuukwea mnazi na anaangua. Mwenziwe yuko chini na anamtaka ashuke. Kila mmoja ana hoja, na kila hoja hupewa nafasi yake ya kusikika. Ken Walibora, katika makala yake ya mwaka 2009 juu ya gereza, ushairi na wingi wa sauti katika diwani hii, aliisisitiza sifa hiyo ya sauti zaidi ya moja. Sifa hiyo huwa na uzito mkubwa zaidi pindi mnazi unapochukuliwa kuwa mnazi. Ikiwa mti ni nchi tu, msomaji hujua mapema aegemee wapi, na majibizano huwa ni pambo la hoja iliyokwisha kuamuliwa. Lakini ikiwa mti ni mti, msomaji aliyekulia pwani hukumbuka mabaraza aliyoyaona, ambapo watu wawili waliolelewa nyumba moja walisimama mbele ya wazee, kila mmoja akiwa na yakini, wala hapakuwa na karatasi ya kumnyamazisha yeyote.

Jina la shairi lenyewe linalisema hilo. Vuta n'kuvute ni hali ya kamba isiyokwenda upande wowote. Katika kamba ya namna hiyo hakuna anayepumzika, hata yule anayeonekana kushinda. Akilegeza mkono, ameanguka. Hapa ndipo Abdilatif alipoieleza dhiki ya mkulima kwa undani kuliko waandishi wengi waliomtaja mkulima kwa jina. Aliyeko juu ya mnazi anakula, lakini hawezi kushuka. Aliyeko chini ana haki, kwa maoni yake, lakini hawezi kuondoka. Wote wawili wamefungwa na mti mmoja.

Historia ya karibuni ya Likoni ina mfano uliofanana na shairi hilo kwa namna ya kusikitisha. Mwezi Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na ghasia zilizofuata ziliwaua watu wengi na kuwafukuza maelfu makwao, hasa wale waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Katika ghasia hizo shamba lililojulikana kama shamba la Waitiki, lenye ekari 930, liliingiwa na watu waliodai kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya wazee wao. Mwenye hati alikuwa na karatasi. Waliokaa walikuwa na historia na miili yao. Vuta n'kuvute hiyo iliendelea kwa karibu miaka 20, mpaka Serikali ilipoinunua ardhi hiyo na kuanza kutoa hati kwa wakaaji mwaka 1996 ukiwa umekwisha kupita kwa miongo miwili, yaani mwaka 2016. Muda wote huo, aliyepoteza shamba hakulima, na aliyekaa humo hakuwa na yakini ya kupanda mti. Mshairi aliyekuwa ametunga shairi lake zaidi ya miaka 25 kabla ya ghasia hizo hakutabiri jambo, aliujua mti.

Pamoja na sifa hizo, shairi lina mpaka wake, na uhakiki wa haki hauna budi kuutaja. Wagombanao ni ndugu. Wote wawili wamo ndani ya urithi. Swali lao ni nani apate kiasi gani. Skwota, ambaye huenda ndiye aliyeuchimbia mnazi shimo, akauteka maji na kuuzuilia mbuzi ulipokuwa mchanga, hana sauti katika majibizano hayo. Wala hayumo mwanamke asukaye makuti chini ya mti huo na ambaye mapato yake hutegemea nani atakayeruhusiwa kukwea. Dhiki yao ni ya daraja la pili: wao hungojea kujua watamwomba nani. Ushairi wa Mombasa, tangu enzi ya Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19, ulikuwa hodari sana wa kuyasema mambo ya kisiwani, ya vita vyake, mapenzi yake na shida zake za fedha. Ng'ambo ya maji mara nyingi ilikuwa mahali pa shamba, si mahali pa msemaji. Abdilatif aliuvusha ushairi huo maji mpaka chini ya mnazi, na hilo ni jambo kubwa; aliyeupanda mnazi bado anangoja zamu yake ya kusema.

Riwaya na panga

Riwaya ya Kiswahili imemkaribia mkulima kwa njia nyingine. Katika Nyota ya Rehema (1976), Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar anamchora Sulubu, mtu wa shamba ambaye jina lake lenyewe lina ugumu na mateso ndani yake. Yeye na Rehema wanailima ardhi, wanaitia jasho, na maisha yao yanaanza kupata umbo. Kisha ardhi hiyo inadaiwa na mwenye nguvu za sheria na za ukoo, na mwisho wa mgogoro huo ni mauaji. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Euphrase Kezilahabi anamfikisha Tumaini, aliyekuwa amekwisha kuwa mkulima mkubwa, kwenye mwisho wa damu vilevile, wakati siasa ya Ujamaa inapoigusa ardhi yake. Riwaya hiyo ilitoka miaka 4 baada ya tukio la Isimani, Iringa, ambapo Mkuu wa Mkoa, Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima siku ya Krismasi mwaka 1971.

Wahusika hawa wawili hawalingani kitabaka. Sulubu ni mnyonge. Tumaini ni tajiri. Hata hivyo riwaya zote mbili zina tabia moja: dhiki ya mkulima huthibitishwa na panga au bunduki. Kabla ya pigo, msomaji hupewa matukio mengi ya nje. Nyakati za ndani, yaani usiku wa kuhesabu deni, chakula kinachorudishwa bila ya kuliwa, hasira ndogo ndogo kwa mke na watoto, huguswa kwa haraka. Kwa mtunzi wa riwaya hilo laeleweka, kwani kisa kinataka kilele. Lakini matokeo yake ni kwamba mkulima hupata kusikilizwa pale tu anapomwaga damu. Wakulima walio wengi hawamwui mtu. Wananyamaza. Huacha kwenda barazani, huacha kupalilia, huuza mbuzi wa mwisho bila ya kumwambia mtu, na jirani husema kwamba fulani siku hizi amekuwa mvivu. Mwandishi atakayeweza kukiandika kimya hicho bila ya kukimalizia kwa panga atakuwa ameiongezea riwaya ya Kiswahili jambo ambalo haijawa nalo la kutosha.

Wengine hasira yao huwageukia wenyewe. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na kifungo chake kiliweza kufika miaka 2. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba. Hukumu hiyo ni ya sheria, lakini ina somo kwa watu wa lugha. Mtu aliyeitwa mkosaji hawezi kusimulia habari zake kwa uwazi. Kila neno lake ni ungamo. Lugha ikibadilika, masimulizi nayo huweza kuanza.

Dhiki, mawazo na msongo

Swali la istilahi, basi, si la pembeni. Kiswahili kimejipatia majina kadha kwa ajili ya mambo haya: msongo wa mawazo, mfadhaiko, unyogovu, na kwa wengi wa Tanzania, sonona. Majina hayo yanahitajika. Muuguzi wa kitengo cha wagonjwa wa akili katika hospitali ya Port Reitz, Changamwe, hana budi kuwa na neno moja kwa jambo moja, na maneno haya yana faida ya kutomwita mgonjwa mwendawazimu. Ila ni vema yapimwe pamoja na maneno ya zamani.

Dhiki ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ufinyu, kubanwa, mahali pasipotosha. Kinyume chake, katika methali ijulikanayo na kila mtu, ni faraja, ambayo asili yake ni kufunguka na kupata nafasi. Anayesema kwamba baada ya dhiki ni faraja anasema, kwa hakika, kwamba baada ya kubanwa kuna kupanuliwa. Neno hili, kwa hiyo, haliulizi mtu anawaza nini tu. Linauliza amesimama mahali gani. Si ajabu kwamba Abdilatif, akiwa katika chumba cha gereza, alilichagua liwe jina la diwani yake, wala si ajabu kwamba shairi la mnazi limo humo pamoja na "Jipu", ambamo maumivu husemwa kwa njia ya mwili unaongoja kupasuka. Gereza, jipu na shamba lisilopandwa mti vina jambo moja: nafasi imekuwa ndogo kuliko uhai uliomo.

Msongo nao ni neno zuri. Limetokana na kusonga, kitendo kijulikanacho na kila asongaye sima jikoni. Ndani yake mna mkono unaokandamiza. Shida huanza linapoongezwa "wa mawazo", maana hapo mkono hufichika na mawazo hubaki peke yake, kana kwamba yamejisonga yenyewe. Lugha ya kila siku ya Mombasa husema kwa ufupi kwamba mtu "ana mawazo", nayo haina haja ya kivumishi. Kila msikiaji hujua kwamba si mawazo ya furaha. Lakini msikiaji huyo huyo huongeza swali: "Mawazo ya nini?" Swali hilo dogo ndilo linalofaa kuhifadhiwa. Istilahi ya kitaalamu isiyouliza "ya nini" humpa mkulima jina la ugonjwa wake na kumnyang'anya habari zake.

Upo pia upande wa pili, nao usipuuzwe. Maneno ya zamani hayana ukamilifu wa kiasi cha kukataa mapya. Dhiki huandamana na subira, na subira ni shauri ambalo mkulima wa bara ameshauriwa kwa zaidi ya karne nzima. Mtu aliyeambiwa kila siku asubiri hujifunza kuuficha ugonjwa unaotibika. Kuna wenye ardhi ya kutosha na hati mkononi ambao nao nyoyo zao huwa nzito, na hao wanahitaji dawa na mtu wa kuzungumza naye, si kadastra mpya. Makala haya hayasemi kwamba hati ni tiba ya kila moyo. Yanasema kwamba tabibu na bwana shamba, wakutanapo na mkulima wa Likoni asiyelala, wangefaa kuuliza maswali mawili: unalala saa ngapi, na mti huu ulipandwa na nani?

Hitimisho

Imeelezwa kwamba uhakiki uliopita uliufanya mnazi wa Abdilatif kuwa nchi kwa haraka mno, na kwamba kwa kufanya hivyo ulilipunguza shairi lenyewe. Fumbo lililo hai halili kilichomo ndani ya umbo lake. Mnazi waweza kuwa Kenya kwa sababu kwanza ni mnazi: mali isiyo na karatasi, akiba ya miaka, ushahidi wa jasho, na chanzo cha ugomvi kati ya watu wanaopendana. Riwaya kwa upande wake imeitambua dhiki ya mkulima, lakini imeitambua ilipolipuka. Kati ya fumbo na mlipuko kuna maisha ya kawaida ya watu wengi, na hayo bado hayajapata mwandishi wake wa kutosha.

Kazi hiyo yaweza kuanzia darasani. Mwanafunzi atokaye Kisauni, Mtongwe au Miritini asomapo "Mnazi: Vuta N'kuvute" hana haja ya kuambiwa upesi kwamba mti ni nchi. Aulizwe kwanza kama nyumbani kwao kuna mnazi, ni wa nani, na ni nani aliyekatazwa kuupanda. Baadhi yao watakuwa na majibu ambayo hayamo katika kitabu chochote cha uhakiki. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, husema wahenga. Na wahakiki nao wamo miongoni mwa walaji hao. Ni haki yao kula, madhali wanamkumbuka aliyelima.